SAFARI YA ILIMU BILA YA MASURUFU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili ya kuyapimia mambo kabla ya kuyatenda, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.) na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Limezidi siku hizi jambo ambalo wazee wa pwani hawakulizoea. Kijana amaliza masomo ya shahada ya kwanza Mombasa au Unguja au Dar es Salaam, kisha avipelekea barua vyuo vya ng'ambo, vya Uingereza na Marekani, akitaka kusoma shahada ya pili. Baada ya miezi humjia jawabu ya kuwa amekubaliwa. Nyumba hufurahi, mama hupiga vigelegele, na khabari hufika msikitini kabla ya sala ya Isha. Lakini mwisho wa barua mna maneno machache ambayo husomwa kwa haraka: ya kuwa chuo kimempa nafasi, wala hakikumpa masurufu. Ada ni juu yake, nyumba na chakula ni juu yake, nauli ni juu yake. Na nafasi yenyewe ina siku ya mwisho ya kujibiwa.

Hapo ndipo lizaliwapo swali: je, yafaa aikubali? Na ikiwa yafaa, ni kwa mali ya nani, na kwa sharti gani?

Watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kuwa ilimu haina bei, basi na iuzwe kila iliyoko nyumbani maadamu kijana atasoma. Kundi la pili husema kuwa hayo ni makuu ya ujana, na kijana atosheke na alichokipata. Makundi yote mawili yameacha haki, kwani kila moja limetazama kitanga kimoja cha mizani na kukifumbia macho cha pili.

DARAJA YA ILIMU

Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kwamba kusafiri kwa ajili ya ilimu si upuuzi. Wanachuoni wa kale walivuka majangwa na bahari kwa ajili yake. Wala ilimu itakiwayo si ya sala na saumu peke yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameitaja katika Ihya yake tiba na hisabu kuwa ni katika faradhi za kifaya, yaani mji ukikosa mtu wa kuzijua, watu wote wa mji wamo katika lawama. Na amewalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fiqhi ya mabishano, hali miji ilikuwa haina tabibu Mwislamu. Basi kijana atakaye kusoma maradhi ya watoto, au uhandisi wa maji, au sharia za ardhi, asiambiwe kuwa ameiacha dini yake akafuata dunia. Huenda akawa ndiye amtoaye mji mzima katika lawama hiyo.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangaliwa hapa. La kwanza, faradhi ya kifaya ni deni la mji mzima. Si deni la kijana mmoja wala la baba yake peke yake. Mji ukiwa na haja ya tabibu, gharama ya kumpata tabibu ni juu ya wenye uwezo katika mji. La pili, shahada na ilimu si kitu kimoja. Iko shahada ambayo ni ufunguo: mtu hawezi kuifanya kazi fulani ila awe nayo. Na iko shahada ambayo ni pambo: aliye nayo na asiye nayo hukaa meza moja na kupokea mshahara mmoja, ila huyu ana herufi mbili zaidi mbele ya jina lake. Na mwenye kutaka kuijua nia yake na ajiulize: lau angeambiwa kuwa ataipata ilimu yote ile, lakini hapana mtu atakayejua kuwa aliipata, wala hataitwa kwa cheo chake, je, angeitaka kwa bei hiyohiyo? Nafsi ikinyamaza mbele ya swali hili, basi imekwisha kujibu.

MFANO WA HIJA

Mwenye kudhani kuwa kila jambo la kheri lastahili kutolewa kila kitu na atazame nguzo ya tano ya Uislamu. Hija ni nguzo ya dini, na Mwenyezi Mungu ameifanya kuwa faradhi juu ya mwenye uwezo. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi wameueleza uwezo huo kwa urefu: awe mtu na masurufu ya kwendea na ya kurudia, na kipando, na hayo yawe ni zaidi ya madeni yake, na zaidi ya nafaka ya wale walio juu yake, muda wa kwenda kwake mpaka kurudi kwake. Asiyekuwa na hayo hakuwajibishwa kukopa, wala hapati dhambi kwa kubaki mjini kwake.

Basi ikiwa nguzo ya dini imeondolewa juu ya asiye na uwezo, itakuwaje safari ya shahada iwe lazima juu yake? Na ikiwa aendaye kuizuru Nyumba ya Mwenyezi Mungu ametakiwa kwanza aihisabu nafaka ya mkewe na watoto wake, itakuwaje aendaye London asiihisabu? Wala maana ya haya si kuwa safari ya masomo ni haramu. Maana yake ni kuwa uwezo ni sehemu ya hukumu, na mwenye kuuruka uwezo ameiruka hukumu.

UZITO WA DENI

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haikuja katika sala wala katika vita. Imekuja katika deni. Imeamrisha deni liandikwe, na muda wake utajwe, na pawe na mashahidi. Na imepokewa katika hadithi sahihi ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akikithirisha kujikinga na deni katika dua yake, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mwenye deni huvutwa kwenye uwongo azungumzapo, na kwenye kukhalifu aahidipo. Na imepokewa ya kuwa aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni wala hakuacha cha kulilipa, asimsalie mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Na imepokewa ya kuwa shahidi husamehewa kila kitu ila deni.

Hayo hayana maana ya kuwa kukopa ni haramu, kwani Mtume mwenyewe alikopa, na alifariki ngao yake iko rehani kwa shayiri. Maana yake ni kuwa deni ni mzigo wa roho kama lilivyo mzigo wa mali. Deni la safari ya masomo lina ubaya wake wa peke yake. Akopaye kwa kununua jahazi, biashara ikianguka, atauza jahazi alipe. Akopaye kwa kununua shahada hawezi kuiuza shahada. Haina rehani, haigawanyiki, wala haimfai mwingine. Kinachobaki mkononi ni mtu mwenyewe na umri wake, na umri una mwisho asioujua.

Ama mkopo wenye riba, maneno yake ni mafupi. Wamelaaniwa katika hadithi mwenye kuila, na mwenye kuilisha, na mwenye kuiandika, na mashahidi wake wawili. Haipati mtu kuiita jina jingine ikawa nyingine, wala kutaja ilimu juu yake hakuisafishi. Mwenye kusema ya kuwa pana dharura na aangalie: dharura ni njaa iuayo na maradhi yauayo, kukosa shahada ya pili si mojawapo.

MALI HII NI YA NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha mas-ala, na ndipo watu wapitapo kwa haraka kuliko mahali pengine pote. Kijana wa miaka ishirini na mitano mara nyingi hana mali. Basi anaposema, "Nimeamua kwenda," aliyeamua ni yeye, lakini atakayelipa ni mwingine. Heshima ya safari ni yake, na khatari ya safari ni ya wazee wake. Akifuzu, jina ni lake; akishindwa, shamba lililopotea ni la baba yake. Na uadilifu hauridhii mtu mmoja achukue faida na mwingine achukue khofu, ila huyo wa pili awe ameridhika kwa moyo wake akijua anachokiridhia.

Na mali hizo ni za namna mbalimbali, na kila namna ina hukumu yake.

Iko nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa. Amekufa babu, watu wamebaki ndani, miaka imepita, na kila mtu asema "nyumba yetu." Nyumba hiyo si yetu kwa jumla jumla. Ina mafungu, na mafungu yameandikwa katika Kurani, na ndani yake mna fungu la shangazi aliyeolewa Malindi, na la dada aliye mjane, na pengine la yatima. Kuiuza kwa ajili ya safari ya mtoto mmoja wa kiume, kwa sababu wanawake wamenyamaza, ni kula mali ya watu. Unyamavu wa shangazi katika baraza la wanaume si idhini.

Iko dhahabu ya mama. Hiyo ni mahari yake na akiba yake na kinga yake siku ya ugonjwa. Si mali ya mumewe, wala si mali ya mwanawe.

Na liko shamba la minazi la baba. Hilo ni mali yake, naye ana haki ya kulitumia. Lakini ana watoto wengine. Imepokewa hadithi ya Nuuman bin Bashir, ya kuwa babake alimpa yeye peke yake tunza, akaenda kwa Mtume (S.A.W.) amshuhudilie, Mtume akamwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hayo, aliposema hakuwapa, alikataa kuishuhudia na akamwamrisha uadilifu baina ya watoto. Wanachuoni wamekhitalifiana, wengine wakaliita jambo hilo haramu na wengine wakaliita makuruhu pakiwa hapana haja; lakini hapana aliyesema kuwa lapendeza. Basi baba auzapo shamba kwa ajili ya mmoja, hali yuko ndugu mdogo ambaye zamu yake ya kusoma haijafika, na yuko binti ambaye hakuulizwa kama naye ataka kusoma, na alijue ni lipi alitendalo. Ikiwa fedha hiyo ni hiba, wengine wana haki ya mfano wake. Na ikiwa ni mkopo, basi na uandikwe, ingawa ni baina ya baba na mwana, kwani aya ya deni haikuwatoa jamaa.

Kisha liko jambo lililo zito kuliko hayo yote kwa watu wa pwani, nalo ni haya. Wanachuoni wa Kishafi wamesema ya kuwa mali ichukuliwayo kwa upanga wa haya ni kama mali iliyonyang'anywa. Baba ameletewa khabari mbele ya wazee, watu wamempongeza, ami wamempa mkono, imamu amewaombea dua. Saa hiyo atasema nini? Atasema, "Haya mwanangu, nenda, Mungu atafungua." Ulimi umesema haya, na jicho lake limekwenda kwenye minazi aliyoipanda kwa mkono wake. Mwana mwenye akili hatosheki na ulimi. Humwendea mzazi wake faraghani, baada ya siku za furaha kupita, akamwambia: "Baba, nimekuja kukuuliza, wala sikuja kukuomba. Ukiona hapana njia, sitavunjika moyo, wala hapana mtu atakayejua kuwa nilikuuliza." Akiridhika baada ya hapo, ameridhika. Na akinyamaza, jawabu imekwisha kutolewa, na kumhimiza baada yake ni kuuvuta upanga.

HISABU KWA KALAMU

Wengi hukubali safari hawajaiandika hisabu yake. Na iandikwe hapa kwa mfano, ili kila mtu aweke tarakimu zake mahali pake.

Mwaka 2025 ulipoanza, serikali ya Uingereza ilimtaka mwanafunzi wa kigeni aonyeshe, juu ya ada ya chuo, fedha za kumtosha miezi tisa: pauni 1,483 kwa mwezi akisoma London, na pauni 1,136 kwa mwezi akisoma nje ya London, na fedha hizo ziwe zimekaa katika akaunti siku 28 mfululizo. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara. Na tangu Februari 2024 ilimtoza mwanafunzi pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya matibabu, hulipwa kabla hajasafiri.

Basi tuseme chuo kiko nje ya London, na ada yake ni pauni 18,000. Miezi tisa ya kuishi ni pauni 10,224. Matibabu ni 776. Jumla ni pauni 29,000, na bado nauli, na gharama ya viza, na nguo za baridi, na miezi mitatu ya mwaka ambayo haikuhisabiwa. Kijana arudipo, akipata kazi ya kumwezesha kuweka kando pauni 100 kila mwezi, na wangapi huweza hivyo, atalipa kwa miezi 290, ndiyo miaka 24 na miezi miwili. Aliyeondoka na umri wa miaka 26 atalimaliza deni naye ana miaka zaidi ya 50. Katika muda huo ataoa, atazaa, na mwanawe atamletea barua ya chuo.

Na aliye na mke aongeze hisabu ya pili. Tangu Januari 2024 Uingereza haikuwaruhusu wengi wa wanafunzi wa shahada ya pili, ila wa utafiti, kuchukua wake na watoto wao. Basi mke atabaki, na nafaka yake itabaki juu ya mume, na ridhaa yake ni jambo la kuulizwa.

MWENDO WA MAIMAMU

Watu hudhani kuwa wanachuoni wa kale walitoka tu, mikono mitupu, wakawa Maimamu. Khabari zao zikisomwa vizuri huonyesha jambo jingine: kila mmoja wao alikuwa na mtu au mlango uliomchukua.

Imamu Shafi alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra (767), akalelewa Makka, yatima kwa mama maskini. Mamake hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu alipoona ya kuwa mtoto huyu huhifadhi upesi, na kuwa akitoka yeye huwasomesha wenzake, aliridhika na hilo badala ya ujira. Yaani alisoma kwa kusomesha. Na hiyo hasa ndiyo kawaida ya vyuo vikubwa vya Marekani mpaka leo katika shahada ya udaktari wa falsafa: vingi humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho, naye husomesha wanafunzi wa chini au humsaidia mwalimu katika utafiti. Basi apewaye nafasi ya daraja hiyo bila ya kitu na aulize kwa nini.

Abu Yusuf alikuwa maskini, na jamaa zake wakimtoa katika darasa la Imamu Abu Hanifa ili akatafute chakula. Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanya biashara wa nguo, alipomkosa alimwuliza khabari zake, akampa dirhamu mia, akamwambia ashike darasa na zikiisha amjulishe. Abu Yusuf huyo ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu zama za Harun Rashid.

Na Imamu Ghazali na nduguye Ahmad, baba yao msokota sufi alipokufa, aliwaachia fedha kidogo kwa rafiki yake sufii ili awasomeshe. Fedha zilipokwisha, yule mwema hakuwakopea wala hakuwauzia kitu cha watu. Aliwaambia kweli kuwa zimekwisha, akawashauri waingie katika madrasa ambayo mwanafunzi hupata riziki yake humo. Hapakuwa na fedheha katika shauri lile. Ghazali huyohuyo alikuja kuwa mwalimu wa Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 1091, chuo kilichofunguliwa mwaka 1067 na kusimama kwa wakfu, na wanafunzi wake wakipewa posho.

YASEMWAYO NA MAJIBU YAKE

Ikisemwa: "Mtu na atawakali, riziki iko kwa Mungu." Hujibiwa: kweli riziki iko kwa Mungu. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Na mwenye kuuza ngamia wa mwingine kisha akatawakali, huyo hakutawakali kwa mali yake.

Ikisemwa: "Nafasi hii haitarudi." Hujibiwa: chuo kilichomkubali mtu kwa sharti ya kulipa kimemfungulia mlango ambao kwa kawaida huwa wazi kwa kila mwenye sifa na fedha. Vyuo vingi hukubali kuiahirisha nafasi mwaka mmoja vikiombwa kwa adabu. Na aliyekubaliwa mwaka huu kwa ilimu yake, mwaka ujao ilimu yake haitakuwa imepungua.

Ikisemwa: "Atafanya kazi hukohuko." Hujibiwa: viza ya mwanafunzi Uingereza kwa kawaida humpa ruhusa ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na Marekani humpa saa 20 ndani ya chuo chake. Ujira wa saa hizo humsaidia mtu kula, haulipi ada. Na mwenye kuzizidisha kwa siri amevunja ahadi aliyoingia nayo nchini, na ahadi ni ahadi.

Ikisemwa: "Hatarudi, atabaki huko apate mshahara mkubwa, alipe." Hujibiwa: kwanza, kubaki kwake si mkononi mwake, ni mkononi mwa serikali ngeni ambayo hugeuza kanuni zake itakapo. Pili, hoja ya kuuza shamba ilikuwa kwamba mji unahitaji ilimu yake. Ikiwa deni litamzuia kurudi, basi mji umepoteza shamba na umempoteza mwana.

Ikisemwa: "Imamu Shafi mwenyewe, imepokewa ya kuwa nyumba ya mamake iliwekwa rehani kwa dinari kumi na sita ili apate kusafiri kwenda Yemen." Hujibiwa: hii ndiyo hoja iliyo nzuri kuliko zote, nayo yastahili kufikiriwa. Naam, rehani si haramu, wala kusafiri kwa mkopo si haramu. Lakini tazama alikuwa akienda wapi: alikuwa akienda kwenye kazi pamoja na liwali aliyekuwa amekwisha kumkubali. Mbele ya deni palikuwa na ujira unaojulikana. Mwenye kumfuata Imamu katika rehani na amfuate pia katika yakini.

HUKUMU YA MAS-ALA

Kwa hayo yote yadhihiri ya kuwa kuikubali barua isiyo na masurufu kwafaa yakikutana mambo manne.

La kwanza: shahada iwe ni ufunguo wa kazi inayojulikana, yenye manufaa kwa watu, wala haipatikani karibu.

La pili: mali iwe ni ya kijana mwenyewe, au ya mtu aliyeitoa kwa moyo huru, faraghani, naye akijua kuwa huenda asiione tena. Na haki za ndugu na mafungu ya warithi ziwe zimehifadhiwa.

La tatu: isiwe na riba ndani yake, wala isimwache mke au mzazi bila ya nafaka.

La nne: safari ikianguka, kwa ugonjwa au kwa kunyimwa viza au kwa kukosa kazi, deni liweze kulipwa kwa kazi ambayo kijana anaiweza leo, kabla ya shahada.

Likikosekana moja katika hayo, haki ni kuikataa barua. Na kuikataa barua si kuikataa ilimu. Na aandike kwa chuo aombe kuahirishiwa, na aulize kwa uwazi kama pana kazi ya kusomesha au msaada. Na aombe palipo na ufadhili: mpango wa Jumuiya ya Madola ulioanzishwa mwaka 1959, na wa Chevening wa Uingereza ulioanza mwaka 1983, ambao hutaka mwombaji awe amefanya kazi kama miaka miwili, na arudi kwao baadaye miaka miwili. Basi mwaka wa kungoja si mwaka uliopotea. Ni sharti mojawapo. Na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah imekuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu tangu mwaka 1983, ambao ulijengwa juu ya mkopo mwema usio na riba. Na vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada, ijapokuwa serikali yao mwaka 2024 ilimtaka mwanafunzi aweke euro 11,904 za kuishi mwaka mmoja. Na viko vyuo vya hapahapa, Dar es Salaam na Nairobi, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, ambako kijana wa karibu aweza kusoma naye alala nyumbani kwao. Ilimu haiwi ndogo kwa kuwa haikuvuka bahari.

NENO KWA WENYE MALI

Imekwisha kutajwa ya kuwa ilimu ihitajiwayo na mji ni deni la mji. Basi haifai lawama yote iwekwe juu ya kijana na tamaa yake. Kijana aliyekubaliwa chuoni kwa bidii yake, kisha akakaa barazani na barua mfukoni, ni hoja juu ya matajiri wa mji wake. Arusi moja hula siku tatu fedha ya masomo ya mwaka mzima, na kesho yake hapabaki ila majungu ya kuosha. Misikiti ya pwani imesimama kwa wakfu wa watu waliokufa zamani, waliotoa duka au shamba ili taa zisizimike. Ni nani katika walio hai aliyetoa duka ili mtoto wa jirani asomee utabibu?

Watu kumi wakikutana, kila mmoja akatoa kiasi asichokijutia, wakakiandika kuwa mkopo mwema, bila ya riba, na alipaye huyu ndiye amsomeshaye afuataye, basi mji umepata chuo kisicho na kuta. Na lau Abu Hanifa angalimpa Abu Yusuf dua peke yake, umma ungalipata muuza mkate mmoja zaidi, na kadhi mmoja pungufu.

Mwenyezi Mungu awaonyeshe vijana kheri ilipo, awape wazazi ulimi wa kusema kweli, na awape wenye mali mikono iliyo wazi. Naye ndiye ajuaye zaidi.